Simba Anguruma Kisenyi: Albamu za Roki Tulizozipoteza

Mwaka jana, katika somo la uhakiki, tulitakiwa kuchagua kazi moja ya sanaa iliyotumia Kiswahili na kuijadili mbele ya darasa. Wenzangu walichagua riwaya, tamthilia, taarab na Bongo Fleva. Mimi nilichagua albamu ya roki. Sikuwa nimemaliza hata sentensi ya pili, mwenzangu mmoja akanyoosha mkono na kusema kwamba roki ni muziki wa Wazungu na Kiswahili hakimo humo. Mwingine akanitetea kwa kumtaja Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, kana kwamba jina hilo linamaliza mjadala. Halimalizi. Mercury aliondoka Zanzibar na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1964, na nyimbo zilizompa sifa aliziimba kwa Kiingereza mbele ya Waingereza. Kuzaliwa mahali si hoja ya uhakiki.

Albamu niliyoichagua ni *Ave Africa* ya bendi ya Sunburst. Sikumaliza kuieleza siku ile kwa sababu muda uliisha, kwa hiyo naimalizia hapa.

Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Mwimbaji wake alikuwa James Mpungo, na gitaa lilipigwa na Hembi Flory Kongo. Muziki wao waliuita Kitoto Sound. Hawakupiga rumba kama bendi nyingi za dansi za wakati wao. Walichukua gitaa la umeme lenye mkwaruzo, kinanda, besi nzito na ngoma, wakaimba kwa Kiswahili na Kiingereza. *Ave Africa* ilitoka mwaka 1976, lakini haikutokea Tanzania. Bendi ilikuwa imehamia Zambia, na huko ndiko albamu ilikorekodiwa. Kisha ikapotea masikioni mwa watu kwa muda mrefu, hadi mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilipoitoa upya pamoja na rekodi zao za awali, kuanzia zile za 1973.

Kwa nini bendi ya Dar es Salaam ikarekodi albamu yake Zambia? Jibu lina sehemu mbili, na zote zinamhusu yeyote anayedai kwamba roki haikuwa yetu. Kwanza, Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi katika redio ya taifa, na kanda zikabaki kwenye rafu za redio. Aliyetaka santuri alifunga safari kwenda Nairobi. Pili, vijana waliopenda midundo ya namna ya Marekani walitazamwa kwa jicho la shaka. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na Sunburst iliundwa mwaka uliofuata. Zambia, kwa upande wake, ilikuwa imejaa bendi za vijana waliopiga roki yao wenyewe, na Rais Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa nyumbani. Nchi zote mbili zilitaka kulinda utamaduni. Moja ililinda kwa kukataza na nyingine kwa kuwapa vijana saa za redio zilizobaki wazi. Anayetaka kusikia matokeo asikilize *Lazy Bones!!* ya WITCH ya mwaka 1975, kisha ajiulize ni albamu gani ya roki ya Tanzania ya mwaka huohuo anayoweza kuiweka kando yake.

Sasa niseme juu ya albamu yenyewe, maana historia peke yake si uhakiki. Nyimbo zake za Kiingereza zinanichosha. Zinahubiri umoja na upendo kwa maneno ambayo bendi yoyote ya miaka ile ingeweza kuyatumia, na gitaa hubaki likisubiri mahubiri yaishe. Nyimbo za Kiswahili ndizo zinazoishi. Chukua jina la wimbo mmoja, “Enzi za Utumwani”. Tungetarajia “enzi za utumwa”. Kiambishi -ni kinaufanya utumwa kuwa mahali, pahali ambapo watu waliingizwa na kutoka, si kipindi tu kwenye kalenda. Tulifundishwa kiambishi hicho mwaka wa kwanza kwa mifano ya nyumbani, shuleni na sokoni. Hakuna aliyetuambia kwamba kinaweza kubeba jambo zito hivyo.

Au “Simba Anguruma”, mmoja wa nyimbo za awali zilizomo katika toleo la 2016. Mwanafunzi wa sarufi atasimama hapo. Kwa nini si “ananguruma”? Kwa sababu hiyo ni njeo ya -a-, ile tunayoiona katika vichwa vya habari vya magazeti na katika mashairi, njeo inayotangaza jambo bila kusema limeanza lini wala litakwisha lini. Simba anguruma, basi. Kitenzi chenyewe kina mtetemo ndani yake, *ng* kisha *r*, na kinapotamkwa juu ya gitaa lenye mkwaruzo huwezi kusema kwamba lugha na chombo vimelazimishwa kukaa pamoja. Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzangu aliyenyoosha mkono. Sijali gitaa la umeme lilibuniwa wapi. Nauliza kama Kiswahili kimepata ndani yake kazi ambayo hakingeipata kwingine, na naona kimepata.

Kuna mtu mmoja, hata hivyo, ambaye jibu hilo halikumridhisha, naye si mwanafunzi. Ni mama yangu.

Tunaishi Kisenyi, karibu na mashine za kusaga mahindi. Anayekaa hapa huzoea kusikiliza katikati ya kelele na vumbi la unga. Jumamosi moja umeme ulikatika, mashine zikanyamaza, nikaona nimepata nafasi. Nikaiweka albamu kwenye spika ndogo ya betri na kuongeza sauti. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Haikupita dakika moja akaniambia kwa Kiganda nizime. Nilidhani anachukia kelele. Baadaye, tulipokuwa tunakula, akasema kwamba yeye amekulia Luweero, na kwamba akiwa mtoto Kiswahili alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani tu, kutoka kwa wanaume waliokuwa wakipaza sauti. “Hicho ulichokuwa unapiga,” akasema, “ni wanaume wanaopaza sauti kwa Kiswahili.”

Nimesoma makala nyingi kuhusu mtazamo wa Waganda juu ya Kiswahili. Nimeandika mtihani juu yake. Naweza kutaja kwamba Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwamba Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na kwamba Baraza la Mawaziri lilikipitisha tena Julai 2022. Hakuna hata moja kati ya tarehe hizo iliyonisaidia mezani pale. Jambo nililoligundua ni kwamba mama naye, anapoitaja miaka ile, husema *mu lutalo*, vitani, kama mtu anayetaja kijiji. Nilitaka kumweleza juu ya “Enzi za Utumwani” na kiambishi chake. Nikanyamaza, nikala.

Tangu siku ile nasikiliza albamu hii kwa visikizio, na nimeanza kuisikia vingine. Nguvu yake, ile niliyoisifu hapo juu, ni nguvu ya sauti za wanaume zinazoamrisha. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam wa 1976 nguvu hiyo ingeweza kuwa furaha. Kwa mtoto wa Luweero wa miaka michache baadaye ni kitu kingine. Mhakiki asiyeweza kuyasikia yote mawili hajaisikiliza albamu nzima, na mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa mhakiki wa namna hiyo.

Niitaje kwa haraka *Something for Someone* ya Black Savage wa Nairobi, ya mwaka 1976 pia, kwa kuwa kila anayezungumzia roki ya Afrika Mashariki huitaja. Ni albamu nadra, na wakusanyaji wa santuri huipenda kwa unadra huo. Miongoni mwa waliopitia bendi hiyo ni Job Seda, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ayub Ogada na nyatiti yake. Upigaji ni safi. Lakini albamu inaimbwa zaidi kwa Kiingereza, na ninapoisikiliza nasikia vijana hodari wanaofanya mtihani mbele ya mtahini aliye mbali. Ogada mwenye nyatiti, katika *En Mana Kuoyo* ya mwaka 1993, hafanyi mtihani wa mtu yeyote. Santuri kuwa adimu si sababu ya kuisifu. Toleo jipya la santuri moja ya aina hii, likinunuliwa Ulaya, linakaribia kodi ya mwezi mmoja ya chumba chetu, na bei hiyo haisemi lolote juu ya kilichomo ndani.

Aliyenifundisha zaidi juu ya jambo hili ni jirani yetu Msomali mwenye kibanda cha simu, ambaye pia hujaza nyimbo kwenye flashi na kadi. Wote tunamwita Hajji. Alipitia Nairobi kabla ya kufika Kampala, na mimi na yeye huzungumza Kiswahili, kwa kuwa Kiganda chake ni cha sokoni na Kisomali changu hakipo kabisa. Nilimpelekea flashi yenye *Ave Africa* nikitaka anirudishie faili moja lililoharibika. Akaisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa juu ya meza.

“Mwanangu,” akasema, “hata sisi tulikuwa na watu wa namna hii.”

Akanifungulia Dur-Dur Band. Jina lao maana yake ni kijito. Albamu aliyonipigia ni *Volume 5*, iliyorekodiwa Radio Mogadishu mwaka 1987 na kusambaa kwa kanda, kisha ikatolewa upya Marekani mwaka 2013 na Awesome Tapes From Africa. Hajji haiiti roki, nami sitamlazimisha. Ina funki ndani yake, ina rege, na gitaa lake linajua kukwaruza linapotaka. Anaimba mwanamke, Sahra Dawo, na sauti yake haiamrishi mtu. Inazunguka juu ya midundo kama mtu anayejua njia ya nyumbani gizani. Nilimwuliza Hajji maneno yanasemaje. Akaanza kutafsiri, akakwama, akasema mapenzi, kisha akasema si mapenzi hasa, kisha akaacha.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988, watu wa redio walizifukia kanda ardhini ili zisiangamie. Nikafikiria zile rafu za Dar es Salaam, ambako kanda hazikuhitaji kufukiwa na bado watu wengi hawajazisikia. Nikafikiria pia kwamba nyimbo hizi zote mbili, ya Dar na ya Mogadishu, zilinifikia Kisenyi baada ya kupita London na Marekani, ilhali Hajji amekuwa jirani yetu tangu niko shule ya msingi na sikuwahi kumwuliza anasikiliza nini.

Nilimwomba anijazie *Volume 5* kwenye flashi. Naye akaomba abaki na *Ave Africa*, hasa ule wa simba. Nikiwa nasubiri, mama akapita na kikapu akitoka sokoni. Sahra Dawo alikuwa bado anaimba kwenye spika ya kibanda. Mama akasimama, akasikiliza kidogo, akaniuliza kwa Kiganda hiyo ni lugha gani. Nikamwambia ni Kisomali. Akasema nimletee na yeye kwenye simu yake.

Hajji alitutoza shilingi mia tano kila mmoja.