Daktari wa Punda Milia

Nairobi ilipokuwa bado mahema, mabati na matope kando ya reli, mgonjwa hakuhitaji kuuliza daktari yuko wapi. Alimwona akija juu ya punda milia. Dkt. Rosendo Ayres Ribeiro, Mgoa aliyefika mji ukiwa mchanga, alimfuga mnyama yule hadi akakubali tandiko, akawa anampanda kwenda kuwaona wagonjwa majumbani. Wengi humkumbuka kwa punda huyo tu, nami naona hapo tunampunja.

Mwaka 1902 aliwapima wagonjwa wawili akatambua tauni. Angeweza kunyamaza. Alikuwa akitibu katika soko la Wahindi, na wenye maduka pale ndio waliokuwa majirani zake. Akatoa taarifa. Serikali ikaamuru soko lichomwe, na chumba chake cha matibabu kikateketea humo humo. Mtu mwingine angefunga virago arudi Goa. Yeye alibaki, akaendelea kutibu Nairobi miaka na mikaka.

Baadaye alichangia ujenzi wa shule ya Wagoa. Pita Parklands asubuhi, utawaona watoto wenye sare wakiingia shule yenye jina la Ribeiro.