Jinsia ya Mpenzi Asiyetajwa katika Ushairi wa Kiswahili

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili liko swali ambalo kwa muda mrefu limepitwa kimya: je, mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume, au ya mwanamke kwa mwanamke, yana makao katika ushairi huu? Majibu mawili hutolewa kwa haraka. La kwanza husema ya kuwa jambo hilo ni geni, limeletwa na merikebu. La pili husema ya kuwa limejaa kote, na kila shairi lenye siri ni ushahidi wake. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hayakutoka katika maneno ya mashairi.

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiambishi a- katika "anapenda" hakibainishi mume wala mke. -M- katika "nampenda" ni vivyo hivyo, wala "yeye" na "wake" havisemi zaidi. Majina ambayo washairi wa pwani huwaitia wapenzi wao, kama mahabubu, muhibu, nyonda, tabibu, ua na lulu, humfaa kila mtu. Kimakonde, ambacho ni lugha ya kwanza ya watu wengi wa Mtwara, nacho hakitengi kiume na kike katika viambishi vyake. Kwa hiyo mshairi anayetaka jinsia ya mpenzi ijulikane hana budi kuionyesha kwa neno lingine: banati, mwanamwali, bibi, bwana. Asipofanya hivyo ameiacha wazi, na uwazi huo ni sehemu ya shairi kama vilivyo vina na mizani yake.

Uwazi huo hupotea kwanza mikononi mwa wafasiri. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalihaririwa na William Hichens na kutolewa mwaka 1940. Mwaka 1979 M. H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mfasiri yeyote anayetia beti za mapenzi za Kiswahili katika Kiingereza hulazimika kuchagua mume au mke mahali ambapo mshairi hakuchagua. Uchaguzi huo watokana na sarufi ya Kiingereza, lakini msomaji hudhani umetoka kwa mshairi.

Kisa cha Shakespeare chatoa mfano ulio kinyume. Soneti zake zilichapishwa mwaka 1609, na nyingi katika zile 126 za mwanzo zamwelekea kijana wa kiume. John Benson alipozitoa upya mwaka 1640 alibadili maneno mahali pachache, na kijana akageuka mwanamke. Kwa Kiingereza ilimpasa mhariri kushika kalamu ili amgeuze mpenzi. Kwa Kiswahili msomaji aweza kumgeuza pasipo kugusa herufi. Kwa sababu hiyo mhakiki wa Kiswahili apaswa kujihadhari zaidi.

Mtwara yatoa fundisho la pili, nalo lahusu sauti ya msemaji. Mwaka 1906 Karl Weule alipita Masasi na Newala hata uwanda wa Wamakonde, akazinasa nyimbo kwa fonografu. Katika chiputu, yaani unyago wa wasichana wa Kimakonde, wanawake huwaimbia wanawake mahali palipositiriwa, na mambo ya mwili na ashiki hufundishwa kwa mafumbo. Katika ngoma za vinyago, mwanamume huweza kuvaa kiwiliwili cha mti chenye maziwa na tumbo la mja mzito, akacheza kama mwanamke. Asitokee mtu akayaita mambo haya mapenzi ya jinsia moja. Chiputu huwaandaa wasichana kwa ndoa na uzazi. Yanalothibitisha ni jambo jingine: sanaa ya upande wa Ruvuma yajua tangu zamani ya kuwa sauti na mwili wa mchezo si lazima viwe vya mchezaji. Basi "mimi" wa shairi naye asichukuliwe kama shahidi aliyeapishwa barazani.

Neno hili lina uzito kwa washairi wa leo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ukali wa adhabu ya tendo linaloitwa kinyume cha maumbile, ikawa kifungo cha maisha, au kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Kifungu hicho chahusu tendo, hakitaji shairi. Lakini mshairi anayejua hayo hupima kila neno. Fumbo alilolichagua kwa ajili ya uzuri ni sanaa. Fumbo alilosukumiwa na hofu laweza pia kuwa sanaa, ila gharama yake ni nyingine, na mhakiki hana budi kuikumbuka. Anayelifumbua fumbo la mshairi aliye hai na kumtangazia maisha yake ametoka katika uhakiki akaingia katika ushitaki.

Msamiati nao una upungufu. "Shoga" ni neno ambalo wanawake wa pwani huitana kwa urafiki. Likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Anayetaka kuyaimba mapenzi haya kwa heshima hukuta maneno mengi ya kebehi na machache ya adabu. Binyavanga Wainaina wa Kenya alipojitangaza mwaka 2014 kuwa apenda wanaume, aliandika kwa Kiingereza. Jambo ambalo lugha hailitengenezei maneno huhamia lugha nyingine, na hasara ni ya Kiswahili.

Nafasi za washairi zimeongezeka. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2023. Zote hupokea ushairi. Waamuzi na wahariri wa majarida wanaweza kufuata kanuni tatu zisizomgharimu mtu. Kwanza, shairi ambalo halikutaja jinsia ya mpenzi lisitajiwe. Pili, shairi lililoitaja lisibadilishwe. Tatu, shairi la mapenzi ya jinsia moja lipimwe kwa vina, mizani, uteuzi wa maneno na ukweli wa hisia, kama linavyopimwa shairi lingine lolote la mapenzi. Lisikataliwe kwa mada yake, wala lisipewe sifa kwa mada yake pekee.

Ushairi wa namna hii wastahili kusherehekewa pale unapokuwa ushairi mzuri. Sherehe iliyo ya haki huanza kwa kusoma herufi zilizopo, na kumwachia mshairi zile alizozizuia.