Embe la Makueni lilivyorudi Ulaya

Mwaka 2014 Kenya iliamua yenyewe kusitisha uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya. Wakaguzi wa huko walikuwa wakikuta mabuu ya nzi wa matunda, na buu mmoja hai akionekana, shehena nzima hukataliwa. Soko lilifunguliwa tena 2021. Kilichofanyika katikati kinatuhusu sana sisi wa Kipushi, Kongo, maana nzi ni yuleyule: Bactrocera dorsalis, mzaliwa wa Asia, aliyegunduliwa Kenya 2003, kisha akaenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, Kongo ikiwamo.

Tazama anavyoishi. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani ya embe. Mabuu hula nyama ya tunda. Embe likianguka, hutoka, hujichimbia udongoni na kugeuka nzi wapya. Dawa inayonyunyizwa kwenye majani haimfikii buu aliye ndani ya tunda, wala aliyejizika ardhini.

Ndiyo maana wakulima wa kaunti ya Makueni nchini Kenya, wakisaidiwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi, walimwandama nzi katika kila hatua ya maisha yake. Madume waliwategea methili yujenoli, harufu wasiyoweza kuikataa, ili majike wakose wa kuwapanda. Jike naye huhitaji protini kabla ya kutaga, basi wakampa chambo cha protini chenye sumu, kidogo tu, sehemu moja ya mti. Halafu wakaokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina au kuyafunga juani katika mifuko ya plastiki. Kuokota ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, lakini kwangu ndiyo nguzo ya mengine yote: mtego huua nzi wa leo, embe bovu huzaa wa wiki zijazo.

Hata hivyo nzi huruka. Shamba safi lililopakana na shamba chafu halitoki salama. Kwa hiyo Makueni ikatengwa kuwa eneo la nzi wachache: mitego katika eneo zima, nzi wakihesabiwa, daftari zikiwekwa, ndipo KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, itoe cheti cha afya ya mimea. Kiwanda cha kaunti cha Kalamba, kilichofunguliwa 2017, nacho hukamua maembe kuwa rojo. Tunda lililokosa mnunuzi likipata pa kwenda, halibaki kuoza chini ya mti.

Kipushi tuna miembe uani na mashambani, na mpaka wa Zambia uko mlangoni. Tuna pia SQAV, idara ya karantini ya mimea na mifugo. Lakini karatasi ya SQAV haisafishi tunda. Nawasihi viongozi wa vyama vya wakulima: kabla ya kumtafuta mnunuzi wa ng'ambo, chagueni kijiji kimoja, tundikeni mitego kila uani, okoteni maembe yote yaliyoanguka na andikeni hesabu ya nzi kila wiki. Anzeni kabla maembe hayajakomaa.