Robo Inchi ya Mfarishi

Mfarishi wa mtoto unaonekana kazi ya mwanagenzi: vipande vya mraba, mishono iliyonyooka, hakuna shingo wala mkono wa kupachika. Kumbe fundi anayekata gauni kwa kukutazama tu anaweza kuuharibu, na kinachomponza ni mazoea yake mazuri.

Tuchukue mmoja ulioshonwa kibarazani Mchikichini, Dar es Salaam, kwa mabaki ya vitenge, yale yanayosukumiwa kwenye kiroba chini ya meza ya kukatia. Ulikusudiwa uwe inchi 36 kwa 42. Vipande vilikuwa 42, sita kwa saba, 21 vya rangi iliyoiva na 21 vya iliyopoa. Kila kimoja kilikatwa inchi 6 na nusu, ili robo inchi iliwe na mshono kila upande na kibaki 6.

Robo hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nguo huachiwa nusu inchi au zaidi, kwa sababu mteja hunenepa na nguo hurudi kufumuliwa. Mfarishi haurudi. Mkono uliozoea nusu inchi ukijisahau kwenye mishono mitano ya safu moja, safu inapungua inchi mbili na nusu, na pembe zake hazikutani tena na za safu ya jirani. Fundi huyu alibandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, akawa anaburuza ukingo wa kitambaa palepale. Hakuutegemea mguu wa cherehani, maana mingi ni mipana kuliko robo.

Mabaki nayo yana hila. Yametoka kwenye makwapa na mikunjo ya shingo, kwa hiyo ukingo wake mara nyingi ni wa mshazari, na mshazari huvutika. Dawa ni kutafuta mtande kwanza, kulaza kipimo cha kartoni sambamba na uzi huo, kisha kuchora kwa chaki. Kabla ya hapo kitambaa kifuliwe, kitoe nta na rangi, na kama kitarudi kirudi mapema. Kinachotiliwa shaka huchomolewa uzi mmoja ukachomwa: pamba huacha majivu, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Safu zilipokamilika, mishono ya safu ya kwanza ililazwa kulia kwa pasi, ya pili kushoto, hivyo hivyo hadi ya saba. Safu mbili zikikutanishwa, mishono inakabana yenyewe na pembe inakaa.

Kwa tabaka la katikati, wengi hufikiria sufi au pamba ya godoro. Kosa: huteleza na kuganda mabonge baada ya kufuliwa, isipokuwa ushone mistari karibu karibu. Kwa joto la Dar es Salaam shuka la flana la mtumba linatosha, na mitumba hapo si ya kutafuta.

Chini ilikuwa khanga, na hapa hesabu inapendeza. Upande mmoja wa doti ni kama sentimita 150 kwa 110. Mfarishi ukiongezewa inchi mbili kila upande unahitaji inchi 40 kwa 46, kwa hiyo upande mmoja unatosha na wa pili unabaki wa kumbebea mtoto. Jina la khanga lisomwe kabla ya kukata, maana khanga nyingi zimeandikwa kwa ajili ya jirani, si kwa kichanga. Isitoshe, khanga yenyewe inasimuliwa kuwa ilianzia kwenye kuunga: wanawake wa pwani karne ya 19 walinunua leso zisizokatwa, wakaziunganisha sita, tatu kwa mbili.

Tabaka tatu zilipigwa bandi, kisha mistari ikashonwa kando ya mishono, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, mguu wa cherehani unasukuma kitambaa cha juu na mkunjo unakwama katikati, mahali usipoweza kuuficha. Ukingo ulizungushiwa vipande vya inchi mbili na nusu vilivyokunjwa mara mbili. Vilikatwa kwa kufuata uzi, si mshazari: pande zimenyooka, mshazari ungekula kitambaa bure.

Mfarishi huu ni wa kulaza mtoto mkekani akiwa macho na mtu karibu. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri mtoto wa chini ya mwaka asiwekewe blanketi lililo huru anapolala. Na kwa kuwa unatandikwa mkekani, upande unaosuguliwa zaidi ni wa khanga, na ndio utakaochakaa kwanza.