Maneno Makubwa Katika Insha ya Mtihani

Shika kalamu tuhesabu pamoja. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya hukupa saa moja na dakika 45, nawe huamriwa kuandika insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Toa dakika 25 za kusoma maswali, kupanga mawazo na kusahihisha makosa. Zinabaki dakika 80 za kuandika maneno 800, yaani maneno 10 kwa kila dakika. Katika mwendo huo hapana nafasi ya kubahatisha neno usilolijua.

Hata hivyo, wengi hubahatisha. Kazi yangu ya chuo cha ualimu hunipitisha katika madarasa ya Thika na Ruiru, na insha nizisomazo huko aghalabu huingia kwa mlango mmoja: jogoo amewika, umande umetanda, jua la matlai limechomoza; hata pale swali linapotaka barua kwa mhariri. Mwanafunzi amekariri utangulizi nyumbani, akauvika kila swali, kama kanzu moja ivaliwayo na ndugu saba.

Siku moja nilisoma insha ya msichana wa Ruiru. Aliandika ya kuwa wakati wa machweo yeye na mama yake waliamka kwenda kuchuma kahawa. Machweo ni kuchwa kwa jua. Yeye alitaka macheo. Herufi moja iligeuza asubuhi kuwa jioni. Nilimwuliza kwa nini hakuandika "asubuhi". Akajibu, "Mwalimu, asubuhi ni neno la watoto."

Jibu hilo lilinihuzunisha kuliko kosa lenyewe, maana sisi walimu ndio tuliomfunza hivyo. Tumegawa orodha za maneno ya kukariri, tukasifu kila neno gumu bila kuuliza kama limekaa mahali pake.

Lakini chini ya ukurasa uo huo palikuwa na sentensi nyingine: buni mbivu zilijaa kikapu, na vidole vya mama vikanata kwa maji yake matamu. Msichana hakulitafuta neno "buni". Lilitoka katika maisha yake. "Kahawa" ni unga, na ni kinywaji. "Buni" hukuonyesha tunda mkononi. Huo ndio utajiri wa msamiati, nao jina lake ni usahihi.

Sisemi kwamba maneno mapya yaachwe. Msamiati mzuri una alama zake. Shaaban Robert, aliyetoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, alikuwa tajiri wa maneno. Lakini utajiri wa namna ile huchumwa kwa miaka ya kusoma, si kwa juma la mwisho kabla ya mtihani. Basi neno jipya litumie kwanza katika mazungumzo na katika daftari lako. Likikuzoea, litakuja lenyewe siku ya haja. Ukisita juu yake katika chumba cha mtihani, liache, uandike lile ulijualo.

Mjini Thika maporomoko ya Chania husikika kwa kishindo kikubwa. Lakini mwenye kiu hakunywa kishindo kamwe, hunywa maji.