TestDisk: inajua kutafuta, haijui kueleza

Msomaji, tuseme leo jioni umechomeka diski yako ya nje kwenye kompyuta ya Linux, na mahali pa mafaili yako unaona nafasi tupu. Diski ni ya terabaiti 1, ina vipimo vya utafiti vya miaka miwili, na kompyuta inakwambia haina kitu. Fundi wa kwanza utakayempelekea huenda akasema, "Hii imekwisha, tuifomati tu." Usikubali. Angalau si leo.

Yalimkuta mwenzetu mmoja. Alikuwa anaandaa flashi ya kusakinishia mfumo, akakosea diski kwenye menyu, akabonyeza sehemu ya kuunda jedwali jipya la partisheni. Sekunde mbili tu, kazi yote ikapotea machoni. Tulimrudishia data zake kwa TestDisk, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier. Lakini niseme ukweli: kidogo tuziharibu kwa programu hiyohiyo. Ndiyo maana naandika. TestDisk husifiwa kila mahali, na inastahili, ila kuna mambo matatu ambayo wanaoisifu hawayasemi.

Kwanza tuelewe kilichoharibika. Kwenye diski za mtindo wa zamani, unaoitwa MBR, sekta ya kwanza kabisa ina baiti 512. Ndani yake, kuanzia baiti ya 446, kuna jedwali la baiti 64: nafasi nne, kila moja baiti 16. Kila nafasi inasema partisheni inaanzia sekta gani, ina sekta ngapi, na ni ya aina gani. Basi. Mtu akibandua namba za milango kwenye nyumba ya kupanga, wapangaji na vyombo vyao bado wamo ndani. Diski ya mwenzetu ilikuwa hivyo: baiti 64 zimefutwa, na karibu terabaiti nzima ipo palepale, haijaguswa.

Sasa TestDisk inafanyaje? Inapita kwenye diski ikitafuta alama ambazo kila mfumo wa mafaili huacha. Ext4, kwa mfano, huweka maelezo yake makuu baiti 1024 kutoka mwanzo wa partisheni, yakiwa na alama EF53 pamoja na ukubwa wake, kisha hutawanya nakala za maelezo hayo sehemu nyingine. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa partisheni. Ukishajua alama iko wapi na ukubwa ni upi, mwanzo na mwisho wa partisheni ni hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Kazi hiyo TestDisk inaifanya vizuri sana. Halafu ina adabu: wakati wote inapotafuta, inasoma tu. Haiandiki chochote kwenye diski mpaka uchague "Write" na uthibitishe. Na kabla ya hapo unaweza kubonyeza herufi P ukaona mafaili yaliyomo ndani ya partisheni iliyopatikana. Kwa mtu mwenye hofu, kuona majina ya mafaili yake yakijipanga kwenye terminali ni kama kusikia sauti ya ndugu aliyedhaniwa amepotea.

Tuje kwenye lawama.

La kwanza ndilo lililotuponza. Utafutaji wa haraka haukutoa kitu cha maana, tukaingia kwenye ule wa kina. Ukaleta partisheni tatu: mbili za kweli, na moja ya zamani iliyowahi kuchukua diski nzima, kabla mwenzetu hajaigawa upya. Masalia yake yalikuwa bado yapo. Hizo tatu haziwezi kuwepo pamoja, maana zinapandana. Tukachagua ile kubwa. Ikawa kijani, na chini pakaandikwa "Structure: Ok". Nani angesita? Tukaandika, tukawasha upya, na partisheni haikufunguka.

Kumbe "Ok" hiyo haina maana tuliyoipa. Inasema tu kwamba partisheni ulizochagua zinaweza kukaa pamoja kwenye jedwali moja bila kugongana. Haisemi kwamba ndizo za kweli, wala kwamba mafaili yako ni mazima. Neno dogo, kwenye rangi ya kijani, mbele ya mtu aliyechanganyikiwa, linasomwa kuwa "endelea, uko salama". Sentensi moja zaidi kwenye skrini ingetosha: bonyeza P kwanza, uhakikishe. Tulipofanya hivyo baadaye, ile kubwa iligoma kufunguka na zile mbili zikaonyesha mafaili yote.

Tulipona kwa sababu moja: tulikuwa tumebadilisha jedwali tu. Tungeendesha fsck kwenye partisheni yenye mipaka ya uongo, ingeanza "kurekebisha" vitu visivyo na kosa, na hapo tungekuwa tunaongea lugha nyingine.

Lawama la pili ni namba. Ukichagua jedwali la MBR, ambalo programu inaliita "Intel" hata kama prosesa yako ni ya AMD, mipaka inaonyeshwa kwa silinda, vichwa na sekta. Huu ni mtindo wa diski za miaka ya 1980. Programu inahesabu kana kwamba diski ina vichwa 255, na hakuna diski ya namna hiyo. Ukubwa nao unatolewa kwa sekta: ukiona 204800, ni juu yako kuzidisha kwa 512 na kugundua kwamba ni megabaiti 100. Unaamua hatima ya tasnifu yako huku unapiga hesabu kwenye karatasi.

La tatu ni nakala. TestDisk inaweza kuhifadhi orodha ya partisheni ilivyo sasa kabla hujagusa kitu, na chaguo lipo palepale kwenye skrini ya uchambuzi. Lakini kishale kinakaa kwenye "Quick Search", na anayebonyeza Enter kwa mazoea anapita bila kuliona. Hatua ya usalama ingetakiwa kuwa ya kwanza, si ya pembeni.

Pia kuna hali ambazo TestDisk si chombo cha kukimbilia kwanza. Diski za siku hizi nyingi hutumia GPT, ambayo huweka jedwali mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa diski, pamoja na namba za kukagua kama limeharibika. Hapo anza na gdisk ya Roderick W. Smith: kwenye menyu yake ya uokoaji unaweza kujenga jedwali la mwanzo kutokana na lile la mwisho. Gdisk inasoma nakala iliyoandikwa. TestDisk inakisia kutokana na alama. Usikisie wakati nakala ipo.

Na kama umekosea sasa hivi na kompyuta haijazimwa, usiizime! Mara nyingi Linux bado inakumbuka mipaka ya zamani. Angalia /sys/block, ingia kwenye folda ya diski yako, kisha ya partisheni: faili la start na faili la size yana namba unazozitafuta, kwa sekta za baiti 512. Ziandike. Kama diski inatoa milio au inasoma kwa kusuasua, acha yote hayo. Itengenezee nakala kwanza kwa ddrescue, kwenye diski nyingine, ufanyie kazi nakala.

Hukumu yangu? TestDisk ibaki kwenye flashi yako. Haiuzwi, inaokoa, na bila hiyo mwenzetu angerudia vipimo vya miaka miwili. Ila ilitengenezwa na mtu anayejua diski, na inazungumza kana kwamba nawe unazijua. Mpaka hapo itakapobadilika, kazi ya kutilia shaka ni yako: P kabla ya "Write", kila mara.

Na leo, kabla hujafunga ukurasa huu, endesha amri hii, ukiweka jina la diski yako:

sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt

Faili hilo dogo lihifadhi nje ya diski hiyo, hata kwenye barua pepe yako. Siku jedwali likifutika, hutahitaji kukisia chochote.