Vyumba vya Herufi C

Banda lilikuwa la mabati. James Murray alilisimamisha nyuma ya nyumba yake ya Banbury Road, Oxford, mwaka 1885, na kwa kuwa jirani alilalamika kwamba lingemharibia mandhari, sakafu yake ikachimbiwa chini ya usawa wa bustani. Unyevu ukahamia humo pamoja na wafanyakazi. Majira ya baridi Murray aliandika akiwa amevaa koti zito, miguu ameitia katika kasha ili upepo wa sakafuni usimfikie. Banda aliliita Scriptorium, jina la chumba ambamo watawa wa kale walinakili vitabu kwa mkono. Humo ndimo ilimofanyiwa kazi sehemu kubwa ya kamusi tunayoiita leo ya Oxford.

Alikuwa mwana wa mshona nguo huko Scotland, na shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 14. Alipotia saini mkataba wa kamusi mwaka 1879, ilidhaniwa kazi ingechukua miaka 10. Alifariki mwaka 1915 akiwa bado yumo katika herufi T, na wenzake wakaikamilisha mwaka 1928. Wanaomsifu huisifu miaka hiyo. Mimi ninachokistaajabia ni kikaratasi.

Kilikuwa kikaratasi kisichozidi kiganja kwa mengi. Pembeni juu liliandikwa neno. Chini yake mwaka, jina la mwandishi, kitabu na ukurasa. Kisha sentensi nzima ambamo neno hilo lilionekana likifanya kazi yake. Basi. Wasomaji wa kujitolea, wengine wakiwa nchi za mbali, walisoma vitabu na kunakili, wakatuma. Barua zilikuwa nyingi hata posta ikaweka sanduku lake mbele ya nyumba ya Murray. Watoto wake walipewa senti za mfukoni kwa kupanga vikaratasi kialfabeti, kisha vikatiwa katika vishubaka vilivyojaa kuta za banda. Siku ya neno ilipowadia, vyote vya neno hilo vilitolewa na kutandazwa mezani, na mhariri akaanza kuvichambua kama mtu achaguaye mchele kwenye sinia: hiki na hiki vinasema jambo moja, hiki kinasema jingine, hiki kimesimama peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kutunga maana kichwani. Maana ilitoka katika sentensi za watu, ikapangwa kwa miaka, ya kale juu na mpya chini, hadi neno likaonyesha lenyewe njia lililopitia.

Fundi wa namna hii haonekani kazini mwake. Hasaini, hachongi nakshi. Atashinda siku nzima akipima kama sentensi ya karne ya 14 inakaa fungu hili au lile, na msomaji atapitisha jicho juu ya siku hiyo kwa nukta moja.

Kwa kuionja kazi hiyo hakuna mahali pazuri kuliko juzuu ya C, iliyotimia mwaka 1893. Kwa bahati, majina mengi ya Kiingereza ya vyumba na vijumba yamekusanyika humo: chamber, camera, cabinet, cell, closet. Mtu akiyasoma kwa mfuatano anatembea ndani ya jumba moja kubwa.

Chamber lilianza mbali, kwa Wagiriki na Warumi, likiwa chumba chenye dari la kuba. Likapita Ufaransa, likaingia Uingereza na kuwa chumba cha kulala cha bwana. Mtumishi wa chumba hicho akapanda hadi kuwa chamberlain, mkubwa wa ikulu. Likawa chumba cha jaji, likawa bunge, likawa chama cha wafanyabiashara. Likaingia kwenye bunduki, mahali risasi inapokaa, na kwenye moyo wenye vyumba vyake vinne. Nasi tulilipokea lilipofika pwani yetu, tukaliita chemba, na tumelitumikisha kwa haki: mtu huitwa chemba kuambiwa la siri, shauri husikilizwa chemba, askari huweka risasi chemba, fundi bomba hufunua chemba ya majitaka, na wafanyabiashara wana Chemba yao. Nduguye wa damu ni camera. Wataalamu wa macho walitumia chumba chenye giza na tundu dogo ambalo mwanga ulipenya ukachora ukutani picha ya vitu vya nje, juu chini. Chumba kikapunguzwa kikawa kisanduku, kisanduku kikapunguzwa tena, na sasa kamera imo katika simu ya kila mtu. Tunatembea na chumba cha giza mfukoni.

Cell ni chumba chembamba cha mtawa, halafu cha mfungwa. Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama kipande cha gamba la koki kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vilivyopangana, akavipa jina hilo, na biolojia yote ikalibeba. Seli ya polisi na seli ya damu ni neno moja. Siwezi kusoma habari hiyo bila kumkumbuka William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyemuua mtu London mwaka 1872 akiwa hana akili timamu, akafungiwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Alipewa vyumba viwili. Kimoja akakijaza vitabu, na kwa miaka mingi akamtumia Murray maelfu ya sentensi. Kamusi ile imejengwa pia na mtu aliyekuwa amefungiwa mlango.

Cabinet kilikuwa kijumba cha faragha ambamo mfalme alinong'ona na wachache aliowaamini. Jina la kijumba likawa jina la watu wenyewe, yaani mawaziri. Sisi mawaziri tunawaita Baraza, na baraza ni benchi la mawe nje ya nyumba, mbele ya wapita njia. Waingereza mambo ya nchi waliyapeleka chumbani, sisi tukayaweka nje. Wapo watakaosema ni bahati tu ya maneno. Sikubaliani nao.

Na closet? Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ndicho chumba anachoingia mtu kusali peke yake. Baadaye likawa la nguo, na likiunganishwa na maji likawa choo. Mswahili hana haja ya kushangaa: msala wetu ni mkeka wa kusalia, na msalani ni kule kule.

Haya yote yalihitaji mtu aliyekaa kwenye baridi na kupanga vikaratasi. Leo neno huulizwa simu, simu hujibu kwa neno moja, na muulizaji ameridhika. Ninasoma tafsiri ambamo kila chamber imekuwa chumba, cha bunduki, cha moyo, cha wafanyabiashara, na hakuna mhariri aliyekwazika. Murray na wenzake walipoteza kikaratasi cha neno moja, bondmaid, yaani kijakazi, kamusi ikachapwa bila hilo, na aibu hiyo inasimuliwa hadi leo. Sisi tunapoteza mafungu mazima na hakuna anayesimulia.

Mmisionari Ludwig Krapf aliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka 1882, ikiwa imejaa sentensi alizozisikia kwa watu wa Mombasa na jirani zao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981, nami nailinda kabatini kama amana. Lakini kamusi ya kuyapanga maneno yetu kwa miaka, kila maana na shahidi wake, hatujaijenga. Chukua ndani. Katika nyumba za mawe za Lamu hilo ni jina la chumba, nyuma ya daka la mlangoni, kiwanda, yaani ua, na misana yake miwili, yaani kumbi ndefu, mahali pa faragha ya wanawake wa nyumba. Mwari huwekwa ndani. Mshukiwa naye huwekwa ndani. Maana ipi ilimzaa mwenzake? Nani aliiandika kwanza, katika barua gani, katika utenzi gani? Wanaokiita chumba kile kwa jina lake ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Wapangaji wapya huuliza tu vyumba viko vingapi, na kama kipo cha masta.